Heritabiliti ya mavuno ya dengu: mi nimepata 35.7, mwenzangu kwa data hiyohiyo kapata 62.5. Nani yuko sahihi?

Chipukizi_wa_Dengu

Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimekaa na hizi namba wiki nzima hazinielei.

Nina jaribio la dengu (chickpea), laini 36 (kila laini ni ukoo mmoja wa mbegu), marudio matatu, sehemu moja, msimu mmoja. Kazi yangu ni kuangalia tofauti za kijeni kati ya hizo laini na kiwango cha sifa kurithika (ndo heritabiliti, kwa asilimia), halafu nipendekeze za kuendelea nazo. Nimefanya anova (uchambuzi wa kutenganisha vyanzo vya tofauti) nikatoa varianzi ya jeni, yani tofauti inayotokana na jeni, kwa kuchukua min skwea (wastani wa miraba) ya laini nikaondoa min skwea ya era (tofauti zisizotokana na laini) nikagawa kwa marudio, kama tunavyofundishwa.

Siku za kutoa maua: wastani 58, min skwea ya laini 29, ya era 2. Heritabiliti imetoka 81.8, lakini jenetiki adivansi (faida inayotarajiwa ukichagua) ni asilimia 9.6 tu ya wastani, yani iko daraja la chini. Uzito wa mbegu 100: wastani gramu 24, laini 110, era 2, heritabiliti 94.7 na adivansi asilimia 50, hiyo nimefurahi. Mavuno kwa mche: wastani gramu 14, laini 24, era 9, heritabiliti 35.7 na adivansi asilimia 19.7.

Sasa mwenzangu kaingiza data yangu hiyohiyo ya mavuno kwenye programu yake ikamletea 62.5. Tumerudia mara tatu kila mtu anabaki na yake. Kwenye ripoti 35.7 ni "ya kati" na 62.5 ni "ya juu", yani hitimisho linageuka kabisa.

Maswali yangu: nani kakosea? Siku za maua inakuwaje zinarithika sana halafu faida ya kuchagua ni ndogo, niziache? Na la mwisho, kuna laini nne zimefanya vizuri sana, nataka msimu ujao niingie ndani ya hizo laini nichague miche iliyobeba maganda mengi niendelee na hiyo, ni sawa? Asanteni.

TakwimuShambani

Mkuu hakuna aliyekosea, mmejibu maswali mawili tofauti mkidhani ni moja.

Tufanye hesabu pamoja. Varianzi ya jeni (24 toa 9, gawa 3) ni 5. Era ni 9. Wewe umechukua 5 ukagawa kwa 5 jumlisha 9 = 14, ndo 35.7. Hiyo ni heritabiliti ya ploti moja (kipande kimoja cha shamba chenye laini moja), yani ukiokota ploti moja tu shambani ukasema "hii ni nzuri", kauli yako inabeba jeni kiasi gani. Programu ya mwenzako imechukua 5 ikagawa kwa 5 jumlisha 9/3, yani 5 kwa 8, ndo 62.5. Hiyo ni heritabiliti ya wastani wa laini baada ya marudio matatu. Ukitaka njia ya mkato ni 1 toa min skwea ya era gawa kwa min skwea ya laini, 1 toa 9/24, unapata 0.625 palepale.

Sasa jiulize utachagua kwa kutumia nini? Huchagui ploti, unachagua laini kwa wastani wake. Kwa hiyo kwa uamuzi wako wa kuchagua, ya mwenzako ndo inayohusika. Ila ukiandika 62.5 bila kusema ni ya wastani wa marudio matatu unampoteza msomaji, kwa sababu hiyo namba ungeweza kuipandisha bila kugusa jeni hata moja. Ukiwa na marudio mawili inakuwa 52.6, ukiwa na matano inakuwa 73.5. Dengu ni zilezile. Ndo maana mi huwa naumia nikiona watu wanalinganisha heritabiliti ya huyu na ya yule bila kuangalia kila mmoja alirudia mara ngapi na alikokotoa kwa msingi gani, yani wanashindanisha mizani mbili tofauti.

Na kabla hujafurahia ile 94.7 ya uzito wa mbegu naomba unijibu kitu kimoja: kwenye hizo laini 36 umechanganya desi na kabuli, yale makundi mawili ya dengu?

Chipukizi_wa_Dengu

Ndio mkuu, desi 27 na kabuli 9. Kuna tatizo?

TakwimuShambani

Nilihisi. Kabuli kwa kawaida ni mbegu kubwa nyeupe ya krimu, desi ni ndogo ya rangi ya kahawia yenye pembe pembe. Ukiziweka kwenye anova moja, sehemu kubwa ya "tofauti za kijeni" unazoziona ni pengo kati ya makundi mawili ambalo kila mtu analijua hata kwa macho. Kama unatafuta desi yenye mbegu kubwa zaidi, hilo pengo halikusaidii. Rudia kwa desi 27 peke yake utuletee majibu.

Chipukizi_wa_Dengu

Nimerudia. Desi peke yake wastani gramu 21, min skwea ya laini 29, era 2. Varianzi ya jeni imeshuka kutoka 36 hadi 9, heritabiliti 81.8, adivansi imetoka asilimia 50 hadi 26.6. Aisee. Kumbe karibu nusu ya furaha yangu ilikuwa kabuli.

TakwimuShambani

Ndo hivyo, na bado 26.6 ni nzuri sana, uzito wa mbegu kwenye dengu ni sifa inayosikia ukichagua. Ila umeona kitu muhimu: heritabiliti hukuipima kwa dengu, umeipima kwa hizo laini, kwenye shamba hilo, msimu huo. Badilisha mkusanyiko wa laini inabadilika. Hata ile 94.7 haikuwa ya uongo, ilikuwa jibu la swali ambalo hukuuliza.

MamaMbegu

Nimesoma nikaona niingie hapo kwenye siku za maua maana naona mdogo wangu anataka kuziacha kwa sababu ya asilimia 9.6, naomba usifanye hivyo.

Angalia namba halisi kabla ya asilimia. Adivansi yako ni 2.06 (ukali wa kuchagua asilimia 5 bora) mara 0.818 mara kipeuo cha pili cha 11 (jeni 9 jumlisha era 2), inatoka siku 5.6. Siku tano na nusu kwa dengu ni kitu kikubwa mno! Hii ni mazao ambayo mara nyingi yanapandwa mvua zinapoisha yanakua kwa unyevu uliobaki ardhini, udongo unakauka kuanzia juu kwenda chini huku mmea unajaza maganda, kwa hiyo laini inayowahi maua siku tano inaweza kumaliza kujaza mbegu wakati nyingine bado inahangaika. Ukame wa mwisho wa msimu ni miongoni mwa vitu vinavyokula mavuno ya dengu zaidi, na kuwahi ni njia ya kuukwepa.

Halafu hiyo asilimia yenyewe ni ya kubahatisha. Umehesabu siku tangu kupanda, wastani 58. Ungehesabu tangu kuota, tuseme zimeota kwa pamoja siku ya 8, wastani unakuwa 50, tofauti kati ya laini zinabaki vilevile, siku 5.6 zilezile, lakini asilimia inakuwa 11.2 na ghafla umehama daraja la chini kwenda la kati. Hakuna kilichobadilika kwenye mmea. Kwa sifa za siku, asilimia ya wastani haina maana sana kwa sababu sifuri yake umeichagua wewe. Kwa uzito na mavuno sawa, kwa siku andika siku.

Na kitu kingine, kuwahi maua kwenye dengu kuna jeni kubwa zinazojulikana, zimepewa majina efl-1 mpaka efl-4, kwa hiyo siyo sifa ya jeni mia mia ndogo tu kila mahali. Ukivusha (ukizalisha pamoja) laini mbili zinazowahi kwa sababu ya jeni tofauti unaweza kupata watoto wanaowahi kuliko wazazi wote wawili. Hilo jedwali la heritabiliti halikwambii, linakwambia kuna tofauti inayorithika, haikwambii jeni ni ngapi wala ziko wapi.

Chipukizi_wa_Dengu

Dada asante sana, hii ya sifuri sikuwahi kuifikiria kabisa na kwenye ripoti nyingi nilizosoma wanaandika tu "heritabiliti ya juu na adivansi ya chini, kwa hiyo ni jeni zisizo jumlishi (athari zake hazijumlishiki moja kwa moja), kuchagua hakutafaa".

MamaMbegu

Hiyo sentensi inanakiliwa kila mahali na inanikera kweli. Dengu inajichavusha yenyewe, poleni inamwagika kabla ua halijafunguka, mchavusho wa nje ni nadra. Laini zako kama zimeshatulia karibu kila jeni iko katika hali moja pande zote mbili, kwa hiyo athari ya jeni tawala kufunika nyingine haina pa kujitokeza. Adivansi ndogo ya asilimia hapo haikuthibitishii aina ya jeni, inakwambia tu laini zako zimetofautiana kidogo ukilinganisha na wastani. Ukitaka kujua aina ya jeni inabidi uvushe na uangalie vizazi. Johnson, Robinson na Comstock mwaka 1955 kwenye soya walisisitiza heritabiliti isomwe pamoja na adivansi ili ujue faida utakayopata, hapo walikuwa sahihi kabisa, ila hicho siyo kibali cha kuhitimisha jeni zinafanyaje kazi.

Mzee_wa_Laini

Vijana mmeeleza vizuri. Mimi nijibu lile swali la tatu ambalo naona limepitwa, nalo ndilo litakalompotezea huyu kijana msimu mzima.

Unataka kuingia ndani ya laini nne bora uchague miche yenye maganda mengi. Mwanangu, kama hizo laini zimetulia kweli, hakuna cha kuchagua humo ndani. Mwaka 1903 Johannsen wa Denmark alilifanya hili kwa maharage, akachukua mbegu kubwa na mbegu ndogo kutoka laini moja safi iliyotokana na mmea mmoja, akapanda, watoto wa mbegu kubwa na wa mbegu ndogo wakatoka na wastani uleule. Tofauti ndani ya laini safi ilikuwa ya mazingira tupu. Ndani ya laini safi heritabiliti ni sifuri hata kama kwenye jedwali lako umeandika 94.7, kwa sababu ile 94.7 ni kati ya laini na laini.

Ila jiulize kwanza, laini zako zilitoka wapi? Kama kuna zilizotoka benki ya mbegu au ni mbegu za asili, zinaweza kuwa mchanganyiko ndani kwa ndani. Angalia rangi ya maua, desi nyingi ni za waridi au zambarau, kabuli nyeupe, ukiona laini moja ina maua ya rangi mbili hapo kuna mchanganyiko na hapo kuchagua mche mmoja mmoja kuna maana. Usipoona dalili yoyote, acha.

Na hata kwenye F2 (kizazi cha pili baada ya kuvusha) ambako tofauti zipo kweli, kuchagua mche mmoja kwa mavuno ni kazi ya kuvunja moyo. Nawaambia kwa yaliyonipata. Nikiwa kijana nilichagua miche ya F2 iliyobeba maganda mengi, nikaifunga utepe mwekundu, nikaivuna kila mmoja kwenye bahasha yake, nikaitunza kama yai. Msimu uliofuata F3 zake, yani watoto wake, zikawa za kawaida kabisa, nyingine chini ya wastani. Nilirudi kwenye ramani ya shamba nikakuta mingi ya ile miche ilikuwa pembeni mwa mstari au karibu na nafasi ambapo jirani yake alikufa kwa mnyauko. Ilipata nafasi na maji, ikatanua matawi, ikabeba. Nilikuwa nimechagua nafasi, sikuchagua jeni.

Tangu hapo kwenye vizazi vya mwanzo nachagua vile vinavyoonekana hata kwa mche mmoja: siku za maua, ukubwa wa mbegu, umbo, kuhimili mnyauko wa fusarium (kuvu wa udongoni) kwenye udongo wenye ugonjwa. Mavuno nasubiri mpaka laini zitulie ziingie kwenye ploti zenye marudio.

TakwimuShambani

Shikamoo mzee. Hilo la ramani ya shamba kila mtu anayechagua F2 angelijua.

Niongeze moja la mwisho kwa Chipukizi, nalo ni zito kuliko yote niliyosema juu. Una sehemu moja na msimu mmoja. Ile varianzi ya jeni ya 5 uliyopata siyo jeni tupu, ndani yake kuna jeni halisi pamoja na ile tabia ya laini kufanya vizuri hapo ulipopanda tu. Kwa sehemu moja huwezi kuzitenganisha hata ukirudia mara mia. Tuchukue mfano tu kwamba kati ya hiyo 5, jeni halisi ni 3 na 2 ni ya mahali. Basi hiyo 62.5 kwa kweli ni 3 gawa kwa 8, yani 37.5. Ukichagua laini 7 kati ya 36, karibu asilimia 20, kipimo cha ukali wa kuchagua siyo tena 2.06, ni kama 1.40, hapo ungetarajia kuongeza karibu gramu 2.5 kwa mche, lakini ukipeleka sehemu nyingine utaona kama 1.5. Watu wanasema mbegu "imeharibika" ikitoka kituo cha utafiti, hapana, ahadi ndo ilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Sasa tazama hii, ni kwa mfano huohuo. Una uwezo wa ploti 12 kwa kila laini. Ukiziweka zote sehemu moja unapata 3 gawa kwa (3 + 2 + 0.75), asilimia 52. Ukizigawa sehemu nne, tatu tatu, unapata 3 gawa kwa (3 + 0.5 + 0.75), asilimia 70.6. Ploti zilezile, mbegu zilezile. Kwa hiyo ukipata hela kidogo ongeza sehemu kabla ya kuongeza marudio.

Pia laini 36 kwenye bloku moja (eneo lenye rudio moja la laini zote) ni bloku ndefu, mwanzo na mwisho wa bloku udongo siyo mmoja, hiyo era ya 9 sehemu yake ni hiyo. Kwa 36 una bahati, 6 mara 6, latisi (mpango wa kugawa bloku kubwa kuwa bloku ndogo ndogo) inaingia vizuri kabisa.

Chipukizi_wa_Dengu

Mzee shikamoo, nashukuru sana, hiyo ya utepe mwekundu imeniingia maana hata mimi nilishaanza kufunga tepe. Nimeenda kuangalia, laini mbili kati ya zile nne ziko mwisho wa bloku kwenye marudio mawili kati ya matatu, yani zile ploti za kona yenye udongo mzito.

Kuna mtu kaniambia nje ya hapa kwamba tatizo kubwa ni dengu yenyewe haina tofauti za kutosha, eti nivushe na dengu pori. Ni kweli?

MamaMbegu

Kuna ukweli hapo. Dengu ilipita kwenye milango myembamba mingi. Pori lililoizaa, Cicer reticulatum, liko eneo dogo tu kusini mashariki mwa Uturuki, waliolifuga wa kwanza walichukua sehemu ndogo ya hilo, baadaye zao likahamishwa kutoka kupandwa majira ya baridi kwenda majira ya kuchipua yanayofuata baridi, na karne iliyopita mbegu za asili zikapishwa na aina chache zilizoboreshwa. Kila mlango ulibakiza tofauti nyuma. Jenomu yake ilisomwa 2013, jeni elfu 28 na kidogo, na 2021 wakasoma dengu 3,366 zikiwemo 195 za pori, kwa hiyo sasa hivi mtu anaweza kuona hasa nini kiliachwa.

Reticulatum inavuka na dengu bila shida kubwa na inaleta vitu kama kuhimili magonjwa, lakini inakuja pia na maganda yanayopasuka na kumwaga mbegu na mmea unaolala chini, utahitaji vizazi kadhaa kuirudisha. Siyo kazi ya mtu mwenye jaribio la msimu mmoja. Na tofauti iliyopo kwenye dengu iliyofugwa haijaisha, mfano mzuri ni ICC 4958, desi yenye mizizi mirefu, kipande cha kromosomu namba 4 kutoka kwake kiliingizwa kwenye JG 11 (aina ya dengu inayolimwa) kwa kufuata alama za DNA na laini zilizotoka zikafanya vizuri kwenye ukame. Mizizi ni sifa ya kuchimba, kuosha na kupima, ina makosa mengi ya upimaji na ni ngumu kuichagua kwa macho, ila kipande cha DNA unakiona ukipima kijisehemu cha jani. Kwa sifa ya namna hiyo alama ndo zinakomboa.

Chipukizi_wa_Dengu

Nimeelewa. Basi nimeamua hivi, mnirekebishe kama nimekosea: kwenye ripoti naandika heritabiliti zote mbili nikisema wazi ipi ni ya ploti na ipi ni ya wastani, desi na kabuli natenganisha, siku za maua naripoti kwa siku. Sichagui laini nne, napeleka desi 12 na kabuli zote 9 mbele. Nimeongea na wenzangu wawili wana mashamba sehemu tofauti, kwa hiyo msimu ujao sehemu tatu marudio mawili mawili, nimepiga kwa mfano ule inatoka 58 badala ya 46 ningebaki hapa na marudio sita. Tepe nimeshafungua.

Mzee_wa_Laini

Marahaba. Weka pia laini moja inayojulikana kila sehemu iwe ya kulinganishia, na siku ya kuota hesabu miche kwenye kila ploti uandike, mnyauko ukiingia baadaye utajua mavuno yalipungua kwa jeni au kwa miche kufa.